Kijana wa Shangazi Ortense

Indianapolis, Jumapili usiku

Shangazi, shikamoo.

Natumaini mguu umepoa na ile dawa ya kuchua haijaisha. Mimi sijambo, baridi tu ndiyo imeanza kubisha hodi.

Uliponipigia wiki iliyopita sikupokea kwa sababu nilikuwa makaburini. Usishtuke, sijafiwa. Mkongo mmoja tunayefanya naye kazi usiku ana gari, akanipeleka Fairmount, kijiji cha mahindi na soya, mwendo wa saa moja na ushei. Unaikumbuka ile fulana ya mtumba niliyokuwa nikilala nayo, yenye kijana wa kizungu aliyekunja uso? Ulikuwa ukisema huyu kanyimwa chakula. Basi ndiye huyo, James Dean, mwigizaji wa Marekani. Kazikwa huko.

Nilidhani ni mtu wa filamu hamsini. Kumbe zilizompa jina ni tatu tu! Ya kwanza, East of Eden, ilitoka Machi 1955, na ndiyo pekee kati ya hizo iliyotoka yu hai. Tarehe 30 Septemba mwaka uleule alikuwa njiani kwenda mashindano ya magari huko California, akiendesha Porsche yake mpya, akagongana na gari lililokuwa likikata kona mbele yake. Alikuwa na miaka 24. Ya pili ilitoka hata mwezi haujaisha, ya tatu mwaka 1956. Mara mbili akatajwa kuwania Oscar, zote yuko ardhini.

Lakini kilichonikalisha kitako nikuandikie ni kingine. Huyu naye kalelewa na shangazi.

Mama yake alikufa kwa saratani mwaka 1940, yeye ana miaka 9. Baba akabaki California na kazi yake, mtoto akapandishwa treni na bibi yake, na jeneza la mama likasafiri na treni hiyohiyo mpaka Indiana. Waliompokea ni Ortense, dada wa baba, na mumewe Marcus Winslow, wakulima. Akakulia pale shambani kwao, akicheza mpira wa kikapu na michezo ya kuigiza ya shule. Alipomaliza mwaka 1949 akaondoka kutafuta uigizaji, na kuna wakati alikuwa akiegesha magari ya watu ili apate kula.

Mimi nilikuja kwako na basi la Korogwe, mfuko wa rambo mkononi na jogoo kwapani. Jioni ileile ukamchinja yule jogoo. Nilimlilia kuliko nilivyomlilia mama, na mpaka leo sijui kwa nini, ila wewe hukuniuliza. Ulinibakishia paja.

Kaburi lenyewe dogo, Shangazi. Jina, 1931, 1955, basi. Ubao wa duka la Mama Zuhura una maneno mengi zaidi. Ila jiwe limejaa alama za midomo ya rangi, wanawake hulibusu, na chini yake pana senti na sigara moja nzima. Mkongo akaitazama ile sigara, akasema kwao isingelala hapo. Nilicheka, kisha nikakukumbuka wewe Aprili ile ya 2012, Kanumba, mwigizaji wetu, alipofariki na miaka yake 28, ukakaa na redio siku mbili jiko halijawashwa. Nilikucheka sana siku zile. Nisamehe.

Sasa la Saidi kutaka pikipiki. Nimesikia, kazi hakuna, na wenzake wote wana bodaboda. Sina ubishi. Ila mwambie huyu Dean, kama wiki mbili kabla ya ajali, alirekodiwa tangazo la televisheni akiwasihi vijana wasikimbize magari barabarani. Na siku yenyewe, kama saa mbili kabla hajafa, trafiki alikuwa ameshamwandikia faini ya mwendo kasi.

Hela nimeituma kwenye simu yako, si yake. Ile ya juu ni ya helmeti mbili, yake na ya abiria. Nenda naye dukani mwenyewe, na asikwambie ataiazima kwa rafiki. Akishainunua anipigie picha akiwa ameivaa.

Mwanao,
Bakari

Jogoo uliyenaye sasa usimchinje mpaka nije.