Asante, uliyenizuia mkono

Wewe uliyenikuta na mfuko wenye samaki, tayari kuumimina kwenye tangi langu la maji ya chumvi: jina lako sikuuliza, na najilaumu. “Subiri kwanza, ndugu yangu,” ulisema. Maji ya mfukoni yana amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, yasiingie tangini; na samaki mgeni akae karantini peke yake wiki 4. Kusema kweli niliona unakuza mambo. Siku ya 9 vidoa vyeupe kama chembe za chumvi vikamtoka mapezini! Ningemtia tangini, samaki wenyeji wangeambukizwa wote.

Alipopona, wakati wa kumtia tangini, nikazima taa, nikapanga mawe upya kama ulivyonielekeza, ili yule samaki wangu wa buluu, mbabe wa tangi, apoteze mipaka yake. Alimfukuza mgeni mara mbili tu, akachoka. Sasa wanakula pamoja. Asante sana.