Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kaunti ya Finney, Watu Wake na Maji Yake

Ndugu wanachama, kina mama, kina baba na vijana,

Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina. Mfuko wa msiba uko salama. Mimi naomba tuitazame kaunti tunayoishi, hapa jimboni Kansas, Marekani, kwa sababu karibu kila mpango wetu wa mwaka huu ulikwamia kwenye umbali.

Finney ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 3,370. Ile pembe iliyochomoza kaskazini mashariki kwenye ramani ilikuwa kaunti ya Garfield, iliyovunjwa mwaka 1893 na kuunganishwa na yetu. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 38,470, na kati yao 28,151 wako mjini Garden City. Waliobaki wako kwenye mji mdogo wa Holcomb na mashambani. Mwanachama wa huko asiye na gari hukosa vikao, hukosa hata mazishi, na hilo linaniuma. Ombi la kwanza la kamati ni usafiri wa pamoja.

Mwaka 2010 kaunti ilikuwa na watu 36,776, kwa hiyo imekua. Haskell, jirani zetu wa kusini, walishuka kutoka 4,256 hadi 3,780. Sisi tumebebwa na kazi. Tangu kiwanda cha nyama kilipofunguliwa karibu na Holcomb mwishoni mwa 1980, wamekuja Wavietnamu, Wamexico, Wasomali, watu wa Burma, na sisi wa Kiswahili.

Ila kazi hiyo inategemea maji. Mvua kwa kawaida haifiki milimita 500 kwa mwaka, na mto Arkansas unaopita hapa mjini mara nyingi ni mchanga mtupu. Mahindi ya kulisha ng'ombe humwagiliwa kwa maji ya Ogallala, hifadhi kubwa ya maji ya chini ya ardhi, yanayovutwa haraka kuliko mvua inavyoyarudisha. Maji yakiisha, kazi tunayolipia nyumba iko hatarini; kwa hiyo, wenye mikopo ya nyumba, jambo hili ni letu kama lilivyo la wakulima. Twendeni kwenye vikao vya wazi vya maji. Kamati itatafuta wakalimani.

Sensa ijayo ni 2030. Fedha nyingi za serikali za shule na barabara hufuata idadi ya watu, kwa hiyo kila nyumba ijaze fomu na watoto wachanga wote waandikwe.

Wenye magari watakaojitolea wamwone Katibu kabla hatujafunga mkutano, wataje na zamu zao za kiwandani ili ratiba ipangwe leo hii.

Mwenyekiti