Mhariri, mistari 12 kwenye boksi moja ni tambi, siyo chati

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye barua za wasomaji. Juzi mlitoa chati ya mvua ya miji 12, yote mmeirundika kwenye boksi moja, mistari imepandana kama tambi, labda kwenye kompyuta ya aliyechora ilikuwa na rangi nzuri tu ila nakala niliyonunua mimi imechapwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo Tanga kijivu, Singida kijivu, Bukoba nayo kijivu. Baba yangu analima alizeti huko Singida, kaniuliza "wa kwetu upi hapa?" nikabaki nimekodoa macho, na mimi ndo kazi inayonilisha hiyo, kuchora chati kwa kodi, yani maagizo unayoiandikia kompyuta, siyo ile ya TRA.

Jamani si mngewapa kila mji kaboksi kake, jina juu yake, halafu mkavipanga kwa safu. Wala siyo kazi ya kukesha. Anayeandika kodi kwa lugha ya R na kifurushi chake cha kuchorea, ggplot2, anaongeza amri ya facet_wrap, mstari mmoja tu, wa lugha ya Python anaita subplots ya kifurushi cha matplotlib. Ila hapo ndo watu wengi wanaishia, wanaiacha kompyuta iwapangie kwa alfabeti, Arusha inakaa karibu na Bukoba na Dodoma kisa herufi, wakati mvua haijui A B C.

Nchi yetu kwa mvua ina makundi mawili na kila mkulima anajua. Bukoba, Mwanza, Musoma, Arusha, Moshi na Tanga wana vuli na masika. Dodoma, Singida, Tabora, Iringa, Mbeya na Songea wao wana msimu mmoja, Novemba hadi Aprili hivi. Sita kwa sita! Yani gridi imeshajipanga yenyewe: juu safu mbili za wenye nundu mbili, yani mstari unapanda mara mbili kwa mwaka, chini safu mbili za wenye nundu moja, na kila kundi lina kichwa chake cha habari. Kwenye matplotlib kuna subfigures tangu toleo la 3.4 la mwaka 2021, unagawa karatasi vipande viwili, kila kipande kina jina lake na viboksi vyake sita.

Sasa kuna mtego hapo umenitesa mimi mwenyewe. Ukiandika sharey=True ili wote watumie kipimo kimoja, inashika ndani ya kipande kile tu, kipande cha pili kinajichagulia cha kwake, na kodi haikuambii kitu, inachora tu kimya kimya. Lazima uweke set_ylim, amri ya kupanga kipimo kinaanzia wapi na kuishia wapi, kwa mkono kote kote. Niliwahi kupeleka kazi ofisini nimesahau hilo, mzee mmoja akaiangalia kidogo akasema kumbe Dodoma siku hizi inanyesha kama Bukoba eh? Bukoba inapata milimita kama 2,000 kwa mwaka, Dodoma miaka mingi haifiki hata 600. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kingine, na hiki nakiona karibu kila mahali, mhimili wa chini unaanza Januari unaishia Desemba. Ukifanya hivo msimu wa Dodoma unaukata katikati, kipande kinaonekana kushoto na kipande kulia, katikati patupu, mtu asiyejua anasema mbona na wao wana misimu miwili. Anzeni Julai, mwezi ambao huku kati ni vumbi tupu, mtaona ile nundu inakaa nzima nzima, na vuli ya Tanga inatangulia masika kama inavyotangulia shambani.

Msione ni urembo tu. Kuna data maarufu ya shayiri kutoka Minnesota, Marekani, sehemu 6, aina 10 za mbegu, mavuno ya 1931 na 1932. Ilichapishwa 1934, wataalamu wakaikokotoa miaka na miaka, mpaka mtakwimu William Cleveland alipoipanga kwenye gridi, sehemu moja kaboksi kamoja, ikaonekana sehemu tano mavuno ya 1931 yamezidi ya 1932 ila ya sita, Morris, peke yake ni kinyume. Akasema huenda miaka ya Morris imebadilishwa kimakosa. Baadaye, 2013, mwingine akachimba rekodi zaidi akaona pengine haikuwa makosa, ni hali ya hewa na mambo ya shamba tu, sawa, lakini swali lenyewe lisingeulizwa kama namba zingebaki kwenye jedwali.

Najua mtasema nafasi ya ukurasa ni ndogo. Viboksi 12 vinaingia kwenye upana wa safu tatu za maandishi ya gazeti bila shida mkiacha kurudia namba za pembeni kwenye kila kaboksi, ziandikwe kushoto tu na miezi chini kabisa, na neno milimita mara moja linatosha. Na ule ufunguo wa rangi pembeni utoeni kabisa, hauna kazi tena.

Kama mnazo zile namba nitumieni nitawachorea bure, na kodi nitawapa. Nakala ya kwanza itaenda Singida, mzee bado anasubiri jibu lake.

Msomaji wenu, Dodoma