Sikio la mkononi na mguu wa kanga

Mhariri,

Jumamosi iliyopita, kwenye ukurasa wenu wa vituko, mlichapa picha ya mzee wa kizungu mwenye sikio kwenye mkono wa kushoto. Kichwa cha habari kiliuliza kama hiyo ni sanaa au ushetani. Maelezo yalikuwa mistari minane, na katika hiyo minane jina la mtu mwenyewe halikupata nafasi.

Mimi ni fundi wa viungo bandia hapa Moshi, mwaka wa ishirini na nane sasa. Natengeneza miguu, na mikono mara mojamoja. Gazeti lenu lilifika karakanani Jumatatu likiwa limefungia maandazi, na kila aliyelishika alicheka. Na mimi nilicheka. Kisha nikalikunja nikalitia kwenye droo ya tupa, na tangu hapo kila nikifungua droo naliona lile sikio, kama linasubiri nilijibie.

Kwanza jina. Anaitwa Stelarc, ni msanii, amezaliwa Saiprasi mwaka 1946 na kukulia Australia. Sikio lake si la maiti na halikuota lenyewe. Alihangaika miaka kama kumi kutafuta madaktari wa kukubali kazi hiyo, na upasuaji ukafanyika 2006. Ngozi ya mkono ilivutwa kwanza polepole kwa mfuko wa maji ya chumvi uliowekwa chini yake, mpaka ikapatikana ya kutosha. Kisha kikaingizwa kiunzi chenye umbo la sikio, cha plastiki iliyojaa vitundu, ili nyama na mishipa midogo ya damu iingie humo na kukishikilia. Plastiki yenyewe ni poliethilini, ndugu wa tumbo moja na polipropilini ninayoilainisha kwenye tanuri kila asubuhi.

Baadaye walimtilia na maikrofoni ndogo ndani ya sikio, kusudi watu wa mbali wasikilize kwa intaneti sauti zinazoupitia mkono wake. Ilifanya kazi. Ila kidonda kiliingia wadudu, na ikabidi maikrofoni itolewe. Hapo ndipo kicheko changu kilipokatika, maana hadithi hiyo naijua. Unaweza kuwa na michoro mizuri na pesa, lakini kitu kigeni kikishagusana na nyama, nyama ndiyo inayoamua. Nimerudishiwa miguu mingi ambayo mezani ilikuwa mizuri kama pambo, na kwenye kigutu ikatoa malengelenge siku ya pili.

Hilo sikio hata si kazi yake ya kwanza. Mwaka 1980 mtu huyo alikuwa na mkono wa tatu, wa mashine, anaoufunga kwenye mkono wake wa kulia na kuuendesha kwa umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya tumbo na mapaja. Mwaka 1982 huko Tokyo aliandika neno moja la Kiingereza, EVOLUTION, kwa mikono yote mitatu kwa mpigo, kila mkono na herufi zake. Mtasema mchezo wa kitoto. Lakini mikono ya umeme wanayovaa leo watu waliokatwa mikono inafuata njia hiyohiyo: msuli ukikaza hutoa umeme kidogo, kitambuzi kilicholala juu ya ngozi kinauhisi, mota inafumba vidole. Niliwahi kuujaribu mmoja kwenye mafunzo. Jambo la kwanza nililofanya nao ni kuponda kikombe cha plastiki chenye chai ya mwalimu.

Sasa niseme kilichonifanya nichukue kalamu. Kichwa chenu cha habari kilinikumbusha bibi yangu.

Mimi ni Mmakonde wa Newala. Bibi mzaa mama alivaa ndonya, kipande cha mpingo kilichokaa kwenye mdomo wa juu, na uso wake ulikuwa na nembo kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Nembo maana yake halisi ni hiyo, Mhariri: chale za ngozi zilizosuguliwa masizi mpaka zikabaki za buluu nyeusi. Leo mnaliandika neno hilo kila siku mkizungumzia benki na timu za mpira, na sidhani kama kuna anayekumbuka kwamba benki imeazima kwenye uso wa bibi yangu. Na ndonya haikuingia siku moja. Mdomo ulitobolewa utotoni, kikawekwa kijiti chembamba, baada ya muda kinene kidogo, kisha kinene zaidi, ngozi ikajivuta yenyewe. Madaktari wa Stelarc walitumia maji ya chumvi. Bibi zetu walitumia vijiti.

Niliwahi kupanda naye basi kwenda Mtwara. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Abiria mmoja alimwangalia safari nzima, na tulipofika akamuuliza utingo kama yule mama ni mgonjwa au amerogwa. Swali lake na kichwa chenu cha habari vimetoka chungu kimoja.

Sitaki kumpamba bibi zaidi ya alivyokuwa. Hakuulizwa. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kama alitaka kutobolewa, akanijibu kwamba swali hilo ni la watu wa shule. Mama yangu hakutobolewa, na bibi hakuwahi kulalamika kuhusu hilo. Lakini ndonya yake alikufa nayo. Kwa hiyo nina pande mbili ndani yangu na sijafanikiwa kuzipatanisha.

Mjomba wangu yeye alikuwa mchongaji. Alichonga mapiko, vinyago vinavyovaliwa kichwani wakati wa ngoma. Vile vya kweli, si vya kuuzia watalii Mwenge, vilikuwa na nywele za watu zilizobandikwa juu ya mti, na nembo za usoni zilitengenezwa kwa nta ya nyuki. Vipo pia vinyago vya tumbo la mwanamke mjamzito, na anayevaa na kucheza nalo ni mwanamume. Mti, nta, nywele za binadamu, mwili wa mchezaji, vyote kitu kimoja. Wataalamu wa Ulaya wanaposema sanaa ya kuchanganya mwili na ufundi ni mpya, mimi nakohoa tu. Patasi ya mjomba ninayo hadi leo, naitumia kunyoosha kalibu za plasta.

Basi nije kwenye mguu.

Miaka sita iliyopita alikuja binti mmoja mshonaji, ana cherehani yake Mbuyuni. Alikuwa abiria wa bodaboda, wakagongwa, mguu ukakatwa chini ya goti. Nilimtengenezea mguu wa kawaida kabisa, wa rangi ile tunayoandikiwa kwenye makatoni kuwa ni rangi ya ngozi. Ngozi ya nani, sijui. Kwa miaka mingi nyayo za msaada zilitufikia zina rangi ya uji wa ngano, tukawa tunazipaka dawa ya viatu ya kahawia, na mtu akinyeshewa soksi inageuka rangi. Baada ya miezi miwili yule binti alirudi.

“Shikamoo baba. Mguu unatembea vizuri, sina neno. Ila unafanana na mguu wa maiti.”

Nilimwambia nitautafutia rangi iliyokolea.

“Hapana, baba. Sitaki mguu unaojifanya mguu. Kila mtu anajua haupo.” Akatoa kwenye mfuko kipande cha kanga, nyekundu na nyeusi, na jina lake chini: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA.

Nilikuwa na resini iliyobaki kwenye kazi nyingine. Kazi ya namna hiyo si ngumu kwa anayeijua: unakuwa na kigutu cha plasta, unakivika soksi tabaka kwa tabaka, tabaka la juu unaweka kitambaa chako, unafunika na mfuko wa plastiki, unamimina resini huku pampu ikinyonya hewa. Ikishuka vibaya inaacha mapovu, na resini haisubiri, ikianza kuganda imeganda. Kanga ilitulia vizuri ajabu. Jina niliweka mbele ya muundi, nikaligeuza kichwa chini, kusudi akiinama alisome mwenyewe. Nilijiona nimefikiri sana.

Alipouona alicheka mpaka akakaa. “Baba, mimi jina la kanga yangu nalijua. Hao ndio wasome.”

Nikarudia. Mkubwa wangu wa kazi wakati huo alinifokea mbele ya wanafunzi kwamba hapa si duka la mapambo, na resini iliyopotea alikuwa na haki ya kuisema. Kuhusu mapambo bado nabishana naye, ingawa amestaafu. Mguu wa kwanza yule binti alikuwa anauficha chini ya dera, na anayeficha mguu hutembea kwa wasiwasi, kiuno kinapinda, kigutu kinachubuka. Wa kanga aliushonea sketi fupi. Hatua yake ilinyooka bila mimi kugusa skrubu hata moja.

Jambo hilo limewahi kufanyika mbele ya dunia nzima. Mwaka 1998, London, kwenye onyesho la mbunifu wa mavazi Alexander McQueen, alipita jukwaani Mmarekani Aimee Mullins, aliyekatwa miguu yote miwili akiwa na mwaka mmoja na kukimbia kwenye Paralimpiki ya Atlanta 1996. Miguu yake jukwaani ilikuwa ya mti, imechongwa maua na mizabibu kuanzia juu mpaka kwenye kisigino. Waliokuwepo wengi walidhani amevaa viatu vya buti. Picha yake nimeibandika juu ya meza yangu ya kazi. Mjomba angeiangalia angeanza kwa kukosoa yale majani, lakini angeiangalia.

Si kwamba nameza kila kinacholetwa na wasanii hawa. Stelarc huyohuyo zamani alikuwa anajining’iniza kwa kulabu zilizopita kwenye ngozi yake, na picha hizo nilipoonyeshwa nilirudisha simu kwa mwenyewe. Yupo pia Mbrazili Eduardo Kac. Mwaka 1997 huko São Paulo alijitia kichipu kwenye kifundo cha mguu wake mwenyewe mbele ya kamera za televisheni. Mguu wake, sina ugomvi. Lakini mwaka 2000 akatangaza sungura aitwaye Alba, aliyetoka maabara ya Ufaransa akiwa na jeni ya konyeza, yule wa baharini anayewasha, ili aking’aziwa mwanga wa buluu atoe rangi ya kijani. Hapo mimi nashuka kituo hichohicho. Sungura hakuja na kipande chake cha kanga.

Halafu yupo Neil Harbisson, ambaye tangu kuzaliwa haoni rangi. Ana antena iliyopachikwa kwenye fuvu, inayogeuza rangi kuwa mtetemo, naye anausikia mfupani. Huyo ningependa siku moja aelekeze antena yake kwenye zile nyayo za uji wa ngano, atuambie zinalia vipi.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kila mwaka mnachapa picha ya hafla ya kugawa miguu: watu wamepangwa kwenye viti vya plastiki, suruali zimekunjwa magotini, kiongozi anashika mkono wa mmoja wao huku akitazama kamera. Nimewahi kusimama pembeni ya picha hiyo mara nne au tano. Sijawahi kusikia mwandishi akimuuliza aliyekaa kwenye kiti kama mguu ule anaupenda, au angetaka uweje. Anaulizwa kama anashukuru.

Yule mshonaji anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Kigutu kimesinyaa, soketi ya zamani, yaani kile kikombe cha mguu kinachovaa kigutu, inacheza, tunapima upya. Mpiga picha wenu akitaka kuja anakaribishwa, ila aombe ruhusa kwake, si kwangu. Amesema kanga mpya ameshainunua, na jina lake hataki kuniambia kwa simu.

Fundi Mmakonde,
Moshi