Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: Wagonjwa wa Mbeya nao wahesabiwe

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Nakuandikia kutoka Tukuyu kwa ajili ya mdogo wangu. Jicho lake la kushoto lilififia wiki tatu, likapona lenyewe. Mwaka uliofuata miguu ikafa ganzi mpaka kiunoni. Ndugu wakasema amerogwa. Hospitalini, baada ya kuzungushwa miezi mingi, tuliambiwa jambo lililoniumiza kuliko hilo la uchawi: dalili zinafanana na za multipo sklerosisi, ila huo ni ugonjwa wa Wazungu, huku kwetu haupo.

Najua kauli hiyo ilikotoka. Ugonjwa huu, ambao kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo na uti wa mgongo, kweli huongezeka kadiri unavyokwenda mbali na Ikweta. Visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland karibu na latitudo (umbali kutoka Ikweta) ya nyuzi 59, vimewahi kuhesabiwa wagonjwa zaidi ya 400 kwa kila watu 100,000. Wastani wa dunia mwaka 2020 ulikadiriwa kuwa 36 hivi. Australia ni nchi moja, lakini Tasmania, iliyo kusini kabisa, kwa kila watu 100,000 ina wagonjwa karibu mara mbili ya Queensland, iliyo kaskazini. Sababu inayotajwa sana ni jua: kule mbali, wakati wa baridi, miale huja imelala na haina nguvu ya kuifanya ngozi itengeneze vitamini D, inayodhaniwa kusaidia kuituliza kinga ya mwili. Sisi tulio karibu na nyuzi 9 kusini tunavaa makoti Juni na Julai, Rungwe inashinda mawinguni, na bado jua letu la mchana lina nguvu hiyo mwaka mzima.

Hata hivyo, watoto waliozaliwa Uingereza na wazazi waliohamia kutoka visiwa vya Karibi, wengi wao wenye asili ya Afrika, walichunguzwa, wakaonekana kuugua karibu sawa na Waingereza wengine, ilhali wazazi wao waliugua kwa nadra. Ni damu ileile na ngozi ileile. Na mwaka 2022 watafiti waliotumia kumbukumbu za wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani walionyesha kwamba hatari hupanda sana baada ya mtu kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu kila binadamu hukipata, nasi tukiwemo. Ugonjwa wa Wazungu uko wapi hapo?

Tena ugonjwa huu huhitaji kipimo cha MRI, kinachopiga picha za ndani ya ubongo na uti wa mgongo, na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu ili uthibitishwe. Pasipo na hivyo, mgonjwa anaweza kuandikiwa kiharusi au TB ya uti wa mgongo, au asiandikiwe chochote, na ramani ya dunia ikabaki nyeupe mahali petu. Sidai kwamba tukihesabu vizuri tutafika walipo Orkney. Inawezekana kabisa sisi ni wachache. Mdogo wangu ni mmoja wa hao wachache, na kufuata kipimo chake tulisafiri kwa basi zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam, yeye akiwa hawezi kushuka ngazi bila kushikwa.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na huu, neuromielaitisi optika, ambao nao hupofusha macho na kulemaza miguu, na huwapata watu weusi kwa wingi kuliko Wazungu. Baadhi ya dawa za multipo sklerosisi humzidishia hali mwenye huo. Kwa hiyo kubahatisha ni hatari, na kumrudisha mtu nyumbani kwa sababu ya latitudo ni hatari zaidi.

Ninaomba mawili. Kila kijana anayefika kliniki ya macho au wodi za Mbeya, Iringa na Njombe akiwa amepoteza kuona au nguvu za miguu ghafla, kisha akapata nafuu, apewe rufaa ya mishipa ya fahamu badala ya kuruhusiwa tu. Na hospitali za Nyanda za Juu Kusini ziwe na daftari moja la wagonjwa hawa, hata likianza na jina moja. Mdogo wangu amekubali jina hilo liwe lake.

Dada wa mgonjwa,
Tukuyu, Rungwe