Usiikabidhi barua hiyo kwanza

Mpendwa Hamisi,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi hatujambo, na Mama Neema anakusalimu. Barua yako nimekabidhiwa na Bakari jioni hii, nami nakujibu usiku huu huu kwa sababu unasema kwamba tangu ushikwe na sonona, huu ugonjwa wa huzuni nzito, umeanza kujiona ulivyo hasa, yaani mwalimu asiyefaa, na kwamba barua ya kuacha kazi iko tayari.

Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Wewe mwenyewe umeeleza kwamba hukumu hiyo unaifikia usiku wa manane, baada ya kuyawazua tena na tena matokeo ya Kidato cha Nne. Mwaka 1995 wanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na Susan Nolen-Hoeksema walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Wenye huzuni waliotakiwa kujitafakari wao wenyewe na hali yao kwa dakika 8 waliyapa matukio ya kubuni tafsiri mbaya zaidi, na ufumbuzi wao wa matatizo ukawa dhaifu. Lakini wenzao wenye huzuni vilevile, waliopewa mambo mengine ya kufikiria, waliamua vizuri kama wasio na huzuni. Kilichopotosha hukumu, basi, ni huzuni ikiungana na kule kuwazua.

Najua utasema mwenye huzuni ndiye auonaye ukweli, na utanitajia wanasaikolojia Alloy na Abramson, ambao mwaka 1979 walikuta wanafunzi wenye huzuni wakitambua vizuri kuliko wengine pale kuwaka kwa taa kulipokuwa hakutegemei wao kubonyeza kitufe. Sawa, lakini kukadiria kitufe na taa si kupima miaka yako yote darasani. Tazama ulivyoandika: waliofeli umewataja mmoja mmoja kwa majina, ilhali yule binti aliyekuletea jogoo aliyefungwa miguu kwa kipande cha kitenge, siku alipochaguliwa kwenda chuo cha uuguzi, hayumo kabisa. Huo si ukweli mzima, ndugu yangu.

Nakuomba usiikabidhi barua hiyo ya kuacha kazi mpaka umwone daktari wa afya ya akili, na ukishamwona tuijadili mchana, tukiwa wawili.

Je, unapata usingizi? Unakula? Mkeo anajua unayoyapitia? Na niambie bila kunificha: umewahi kuwaza kujidhuru? Kama ndiyo, nipigie sasa hivi, saa yoyote. Nije Ijumaa twende wote hospitali?

Ndugu yako,
Salimu