Kasi ya mmenyuko ifundishwe hata pasipo na maabara

Mhariri,

Shule nyingi za sekondari hufundisha kasi ya mmenyuko, yaani jinsi kemikali zinavyobadilika haraka au polepole, kwa jaribio moja tu: thayosalfeti ya sodiamu na asidi ya haidrokloriki, mwanafunzi akisubiri alama ya X chini ya bika ifichwe na salfa. Ni jaribio zuri, ila hutoa salfa dioksaidi inayokereketa koo, na pasipo na maabara huachwa kabisa, mada ikabaki ya kukariri. Lipo jingine ambalo vitu vyake hupatikana duka la dawa na jikoni, nalo ni saa ya iodini. Maelekezo yake yanayozunguka huruka jambo moja kubwa, ndiyo maana tunaandika.

Saga vidonge viwili vya vitamini C vya miligramu 500, yeyusha katika mililita 60 za maji, chuja kwa kitambaa. Kwa bomba la sindano pima mililita 20 za tinkcha ya iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Itilie maji ya vitamini C kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka rangi ya kahawia ipotee. Ongeza mililita 4 zaidi, kisha jaza maji hadi mililita 280. Hayo yanatosha majaribio manne ya mililita 70.

Katika chombo cha pili tia maji mililita 60, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 15, na mililita 3 za uji mwepesi wa unga wa muhogo uliochemshwa ukapoa. Mimina humo mililita 70 za chombo cha kwanza na uanze kuhesabu kwa saa ya simu. Kwenye nyuzi 25 mchanganyiko hukaa bila rangi karibu dakika moja, kisha ghafla wote unakuwa bluu iliyokolea.

Vitamini C iligeuza iodini kuwa ayodaidi isiyo na rangi. Peroksaidi hugeuza ayodaidi kuwa iodini tena, na vitamini C huirudisha kuwa ayodaidi papo hapo. Vitamini C ikiisha, iodini hukutana na wanga na bluu hutokea. Zile mililita 4 za ziada ndizo saa yenyewe! Maelekezo mengi husema tu "changanya sawa kwa sawa", wakati tinkcha iko ya asilimia 2 na ya asilimia 2.5, nayo hiyo ya 2.5 humaliza vitamini C yote na kahawia haipotei kamwe. Ongezeni kwa kutazama rangi, na chombo cha kwanza kitengenezwe kwa mkupuo mmoja. Anayekipima upya kila jaribio hulinganisha makosa ya vipimo vyake, si kasi.

Ili kuonyesha athari ya ukolezo, yaani wingi wa dawa katika ujazo wa maji, tumia peroksaidi mililita 7.5 na ufidie kwa maji mililita 7.5, ujazo ubaki uleule. Muda hukaribia kuwa maradufu. Wengi husahau kufidia, na hapo hubadilika ukolezo wa kila kitu. Kwa joto, weka vyombo vyote viwili kwenye beseni la maji ya moto mpaka vifike nyuzi 35, na muda utapungua karibu nusu. Msizidishe sana, kwani kwenye moto mkali bluu ya wanga hupauka.

Bluu isipotokea, shuku peroksaidi kwanza. Mwanga huivunja ikawa maji na oksijeni. Idondoshee hamira, isipotoa povu, tupa. Ya saluni yenye maandishi "20 vol" ni asilimia 6, basi izimue kwa maji kiasi sawa, na ile ya krimu iacheni. Povidoni, dawa nyingine ya vidonda yenye iodini, nayo haifai kwa vipimo hivi, kwa kuwa iodini yake imeshikwa na polima (molekuli ndefu). Maji ya vitamini C ya jana yamekwisha pungua nguvu, kwa hiyo yatengenezwe siku ileile.

Tunaomba wakuu wa shule watenge fedha za dawa hizi kila muhula. Iodini na peroksaidi zisifike machoni, na vyombo visirudi jikoni. Maji ya vitamini C yaliyobaki msiyamwage, yanaondoa madoa ya iodini mezani na vidoleni.

Walimu wa kemia,
Morogoro